Fundi Anajibu: Mota gani kwa katamarani ya mbio?

SWALI: Salaam aleikum, mzee Fundi. Nimepata bodi ya katamarani, boti ya matumbo mawili, ya faiba, ya kuendesha kwa rimoti. Urefu wake sentimita 82, na mabomba mawili ya shafti, ule mtaimbo unaozungusha propela, yameshatiwa. Betri za lipo (lithiamu polima) ninazo mbili, kila moja seli 4, ujazo mAh 5000. Nataka iende mbio kweli. Muuzaji anipa chaguo tatu: jozi ya mota za 3660 zenye KV 2600, jozi ya 3674 zenye KV 1900, au moja kubwa ya 4092 yenye KV 1650. Wenzangu wote wasema KV kubwa ndiyo mbio. Nichukue ipi?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Chukua zile 3674, na wenzako waambie mtakutana majini.

Ile 4092 tuiweke kando mapema. Ni mota nzuri, lakini ni moja, na bodi yako ina mabomba mawili.

Zimebaki jozi mbili. KV ni idadi ya raundi ambazo mota huzunguka kwa dakika kwa kila volti 1, ikiwa haijabeba mzigo. Seli ya lipo huhesabiwa volti 3.7, kwa hiyo seli zako 4 ni volti 14.8. Zidisha: KV 2600 inakupa raundi 38,480, na KV 1900 inakupa 28,120. Kwenye karatasi wenzako wameshinda.

Sasa tia propela majini. KV kubwa ni gia nzito ya baiskeli: ukiiweza unaruka, ikikushinda miguu inawaka moto. Nguvu inayotakiwa kuzungusha propela hupanda kwa kipeo cha tatu cha raundi. Ukitumia propela ile ile, kutoka 28,000 hadi 38,000 mota itadaiwa nguvu kama mara mbili na nusu. Nani atailipa? Tazama namba za mota yenyewe: 36 ni kipenyo kwa milimita, 60 au 74 ni urefu. Yaani yenye KV kubwa ndiyo fupi, yenye shaba na sumaku kidogo. Unampa mdogo mzigo wa mkubwa. Kwa boti za namna hii mimi hulenga raundi 30,000 hivi bila mzigo, pungufu kidogo si neno, kisha mbio zilizobaki nazitafuta kwenye propela.

Anza na propela ya milimita 42, yenye pichi, yaani umbali wa kusukuma kwa raundi moja, mara 1.4 ya kipenyo. Kila raundi inasukuma karibu milimita 59. Mzigo ukishusha raundi hadi 22,500, hiyo ni kilomita 79 kwa saa. Toa kile ambacho maji hutelezesha, utabaki na kama 65. Bodi ya sentimita 82 ikipita mbele yako kwa kasi hiyo, utatamani ungekuwa na macho mengine. Usirukie ya milimita 45 siku ya pili. Milimita 3 hizo, kwa raundi zile zile, ni mzigo wa ziada wa asilimia 40 hivi.

Propela zizunguke kinyume, moja kushoto na moja kulia. Kugeuza mota ni kubadilishana waya wowote 2 kati ya 3, basi. Shafti ndiyo huwakamata watu. Kama zako ni za waya uliosokotwa, kila upande unataka msokoto wake, ili ikivuta ijikaze. Ukiweka ya upande mmoja kote kote, moja itajifungua ndani ya bomba.

Kila mota iwe na kidhibiti mwendo chake, cha ampea 120, cha kupozwa kwa maji. Waya za kutoka betri ziwe fupi. Ukilazimika kurefusha, refusha upande wa mota. Kama vidhibiti vyote viwili hulisha umeme risiva, kile kipokezi cha rimoti, kwenye plagi ya kimoja chomoa waya mwekundu. Betri uziunge sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zote zikiwa zimejaa sawa. Kila betri ikilisha mota yake peke yake, moja itakatika mbele ya mwenzake na boti itaanza kucheza chakacha.

Mara ya kwanza endesha dakika 1, irudishe, shika mota kwa kiganja. Ukiweza kukiacha hapo, endelea. Ukikiondoa kwa kushtuka, punguza propela kabla ya kulaumu muuzaji. Sumaku nyingi za kawaida za mota hizi huanza kuharibika zikifika nyuzi 80, na zikidhoofika haziponi. Chungulia pia tundu la maji ya kupoza ubavuni: maji yasipotoka wakati boti inakwenda, kuna jani au kipande cha mfuko.

Pa kuendeshea, nenda Hori ya Tudor siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo, asubuhi upepo wa kusi haujaamka. Bamvua, maji yakijaa sana, hubeba takataka zote za mikokoni. Kilindini penye meli na Likoni penye feri usiguse, na penye watoto wanaoogelea vilevile. Propela hiyo hukata kidole. Ukirudi, suuza kwa maji matamu, vuta shafti, paka grisi upya. Chumvi yetu haina huruma na beringi.

SWALI: Fundi, mwanangu huchaji betri za boti yake usiku chini ya kitanda. Mimi silali. Nina haki?
Mama, Changamwe

JIBU: Haki tupu, dada. Lipo ikishika moto, maji ya ndoo hayaitoshi. Achaji mchana, mtu akiwepo, juu ya sakafu ya saruji mbali na pazia, kwa chaja inayosawazisha seli. Ya mAh 5000 ichajiwe kwa ampea 5, asiharakishe. Kama haitumiki wiki nzima, iachwe kwenye volti 3.8 kwa kila seli. Na ukiona imevimba, ichukue wewe mwenyewe, itoke nyumbani leo leo, hata akilia.