Kabla ya Kuandika "Kwa Mara ya Kwanza"

Nilianza kuandika habari za uchumi na biashara jijini Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1980, na ushauri ninaowapa waandishi vijana niliupata kwa kukosea. Sheria ya mwaka 1991 ilipofungua mlango kwa benki binafsi, niliandika kwamba kwa mara ya kwanza Mtanzania angeweza kuweka akiba yake katika benki isiyo mali ya serikali. Mhariri alipitisha, gazeti likatoka, na siku mbili baadaye mzee mmoja mstaafu akapanda ngazi hadi chumba cha habari akiwa amelishika gazeti lile mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, mimi asubuhi ya tarehe 6 Februari 1967 nilikuwa karani wa benki ya nani?"

Siku hiyo, kesho yake baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, serikali ilitaifisha benki za kigeni zilizokuwapo nchini, zikiwamo Barclays na Standard, na kazi zao zikaangukia Benki ya Taifa ya Biashara. Mzee alinieleza jinsi alivyoendelea kuandika katika leja ileile, mezani palepale, chini ya mwajiri mpya. Nilijua habari za Azimio tangu shuleni, lakini sikuwa nimeziunganisha na habari niliyokuwa nikiiandika. Basi Standard Chartered, mrithi wa Standard ile, ilipofungua milango mwaka 1993, sikuandika kwamba imeingia nchini, bali kwamba imerudi. Neno hilo moja lilizaa maswali yenye maana: iliondokaje, ililipwa fidia gani, na ni kitu gani kilichobadilika hata ikakubali kurudi?

Tangu hapo, kila ninapoletewa taarifa ya mradi mkubwa wa kilimo, kwanza nauliza habari za mvua na udongo, kwa sababu ya yaliyotokea Kongwa, mkoani Dodoma. Mwaka 1947 Waingereza walianza huko mradi wa karanga uliokusudiwa kufyeka mamilioni ya ekari. Mvua haikutosha, udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kiasi cha kuharibu zana, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kula takriban pauni milioni 36. Fedha na matrekta vilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwasikiliza wenyeji waliolima ardhi ile.

Tarakimu nazo zina historia yake. Mwaka 1986 dola ilipanda kutoka shilingi 17 hivi hadi 40, kwa hiyo kampuni iliyojivunia kuongeza mauzo maradufu kwa shilingi huenda haikuwa imekua hata kidogo. Linganisheni kila takwimu na thamani ya shilingi ya mwaka wake, hata kama msemaji wa kampuni atakunja uso.

Zaidi ya yote, watafuteni wastaafu: makarani, wasimamizi wa viwanda, wahasibu wa vyama vya ushirika. Nimeshuhudia mafaili ya shirika zima yakitupwa wakati wa ubinafsishaji, na baada ya hapo habari ile ilibaki vichwani mwa watu wachache tu. Nendeni kwao mapema mkiwa na daftari, na muwaulize kwanza mshahara wao wa mwanzo ulikuwa kiasi gani na ulinunua nini; wengi huanzia hapo kukumbuka mengine yote.