Michezo na lishe shule ya msingi: kamati ianzie getini

Mkuu mleta mada, nimesoma swali lako na majibu ya wakuu wengine. Umesema wewe ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali mjini. Afisa lishe alikuja akafanya semina, mabango ya makundi ya vyakula yakabandikwa kila darasa, na watoto bado wanashindia barafu za rangi na ubuyu. Kiwanja nacho kimemegwa kujengwa madarasa. Unauliza kamati isiyo na hela ianzie wapi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nimeshika michezo, baadaye nikapewa afya na mazingira. Ushauri wangu ni mmoja: acheni mabango kwanza, nendeni getini saa ya mapumziko. Mtoto wa darasa la tatu ana sh. 200 au 500 aliyopewa asubuhi, na atakula kilicholetwa pale. Kama hakuna ndizi, hata akilijua bango kwa moyo atanunua visheti.

Simameni pale saa nne mhesabu kinachotoka. Kwetu vilivyokuwa vinatembea ni maandazi, visheti, ubuyu wa kupikwa na rangi, juisi za unga kwenye vifuko na barafu. Mihogo ya kukaanga na karanga zilikuwepo, matunda karibu hakuna. Na huu ni mji wenye machungwa ya Kinole, ndizi na mananasi ya Matombo, mboga za Mgeta zinashuka kila siku!

Mwalimu mkuu wa wakati ule alitaka kupiga marufuku biashara yote. Nilimpinga kwa sababu nimeona inavyokuwa: watoto wanatoka kwa tundu la uzio, wanavuka barabara ya bodaboda kwenda dukani, na huko dukani hakuna hata karanga. Tukaona bora tuwaite kina mama wanaouza pale getini, tukae nao chini ya mti, tuwasikilize.

Hapo ndipo nilipojifunza uchumi wa sahani ya matunda. Mama mmoja alituambia wazi: "Mwalimu, andazi likibaki jioni nauza mtaani. Tikiti nililokwisha kukata likibaki, nimekula mtaji." Ana haki. Kwa hiyo hatukumwambia mtu alete "matunda" hivi hivi. Tulikubaliana machungwa, ndizi na embe za msimu, vitu vinavyolala hadi kesho bila hasara, na chungwa limenywe pale pale mtoto anaponunua. Tikiti na nanasi vinakuja siku ambazo walimu wenyewe wameagiza, maana walimu nao ni wateja. Wengine walihamia mihogo ya kuchemsha, mahindi ya kuchemsha, mayai na karanga. Maandazi hatukuyafukuza. Tulichokataa ni juisi za unga, soda, vinywaji vya nguvu na chochote chenye rangi inayobaki kwenye ulimi.

Wao walipata nini? Kivuli ndani ya uzio, meza, uhakika kwamba hakuna mgeni atakayekuja kuwazidi kwa barafu, na hakuna ushuru. Sisi tulipata chakula kilichofunikwa na watu tunaowajua kwa sura. Kila mama anasimamia ndoo yenye koki na sabuni; pale tulipokosa ndoo tuliweka kibuyu chirizi, kidumu cha kunawia kinachoinamishwa kwa kamba ya mguu, kinafanya kazi ile ile.

Suala la barafu lina siri yake. Tulidhani watoto wanapenda sukari tu. Kumbe wengi walikuwa na kiu! Shule haikuwa na maji ya kunywa, bomba lilikuwa la usafi wa vyoo. Tulipoweka mapipa ya maji yaliyotibiwa na kila mtoto akaja na kikombe chake, barafu zilishuka zenyewe bila hotuba. Kwa hiyo kabla hamjamlaumu mtoto, onjeni maji ya shule yenu.

Sasa uji. Tangu 2016 elimumsingi ni bila malipo, lakini chakula cha mchana cha shule ya kutwa ni makubaliano ya wazazi. Maana yake mkutano wa wazazi ndio bajeti yenu, na mkiuitisha mkiwa na bei za kubahatisha mtazomewa. Nendeni na hesabu: uji kikombe kimoja unahitaji unga kiasi gani, kuni au gesi kiasi gani, mpishi analipwa ngapi. Ruhusuni debe la mahindi badala ya fedha, wapo wazazi wenye shamba wasio na elfu tano mkononi. Na yule asiyechangia, mtoto wake anywe uji kama wengine. Nimewahi kuona orodha ya wasiolipa ikibandikwa mlangoni mwa jiko; watoto wale walianza kutoroka saa nne kamili, yaani tuliwanyima uji na masomo kwa pamoja.

Uji wenyewe usiwe na mbwembwe. Kuna imani kwamba uji wa lishe ni lazima nafaka saba zisagwe pamoja na karanga na soya. Unga wa namna hiyo unaharibika upesi, karanga zikilala vibaya zinaota ukungu unaotoa sumu, ndiyo sumukuvu, na vitu hivyo haviivi kwa muda mmoja. Dona safi inatosha, karanga zisagwe kidogo kidogo pembeni. Ongezeni unga wa ubuyu halisi, ule mweupe wanaoujua sana watu wa Dodoma, una vitamini C nyingi na unaleta uchachu mzuri. Tatizo la ubuyu wa getini ni sukari na rangi, tunda lenyewe halina kosa.

Kuhusu sumukuvu msifanye mzaha. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na kupika hakuiondoi. Debe la mzazi lipokelewe na mtu anayejua kuangalia: punje zenye ukungu, zilizovunda au zenye unyevu zirudi. Magunia yakae juu ya chaga, yasiguse ukuta.

Mkifika hatua ya makande mchana, wekeni mboga za majani kutoka bustani ya shule, mchicha na matembele vinakua hata kwenye viroba. Chai ya rangi isiende pamoja na maharage kwa sababu inapunguza madini ya chuma anayopata mtoto. Kipande cha chungwa kinafanya kinyume chake. Na jiko mlipange mapema, Serikali imekwisha kuagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa.

Nimechelewa kufika kwenye michezo kwa makusudi. Mtoto mwenye njaa hachezi. Tulipokuwa na mchakamchaka mrefu asubuhi, kila wiki kulikuwa na mtoto wa kukalishwa kivulini akipepewa. Tuliubakiza mfupi, wa kuamsha mwili na kuimba, tukahamishia michezo ya maana baada ya uji. Shirika la Afya Duniani linasema watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuchangamsha mwili kweli kweli. Shule peke yake haifiki huko kirahisi, ila anayetembea kuja na kurudi ameshapata sehemu. Wanaoletwa na bajaji mlango hadi mlango ndio wa kuwaangalia.

Kipindi cha michezo kipo kwenye ratiba, kilikuwepo tangu enzi za somo la Haiba na Michezo, na kila mtihani ukikaribia kinaliwa na Hisabati. Mjumbe wa kamati ana nguvu hapa kuliko mimi mwalimu: ulizeni kwenye kikao, kipindi cha michezo wiki hii kilifanyika? Mkiuliza kila kikao, kitafanyika.

UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, naipenda, nimepeleka watoto, nimeimba mpaka sauti ikakauka. Lakini inachukua vipaji wachache, na shule nzima inageuka watazamaji wa timu moja. Kiwanja chenu kilichobaki kidogo hakitoshi soka, ila kinatosha rede (ule mchezo wa kukwepa mpira huku unajaza mchanga kwenye chupa) tatu kwa wakati mmoja, na rede inakimbiza watoto kuliko soka ambalo beki anasimama dakika kumi akingoja mpira. Inahitaji mpira wa makaratasi, chupa na mchanga. Kamba ya kuruka ya katani mnasokota wenyewe. Kombolela, ya kujificha na kutafutana, haihitaji kitu kabisa.

Wasichana wa darasa la tano na la sita ndio huacha kucheza. Sketi ni sababu moja, kejeli za wavulana ni ya pili, na kiwanja kuwa cha wavulana siku zote ni ya tatu. Ruhusuni kaptula ndani ya sketi, na siku mbili za wiki kiwanja kiwe chao peke yao.

Walimu waombeni jambo moja: kukimbia, kuruka kichura na kupiga pushapu zisiwe adhabu. Mtoto aliyezungushwa uwanja kwa kosa la kuchelewa hawezi tena kuona mbio kama starehe.

Mkuu mmoja hapo juu ameshauri watoto wapimwe uzito kila mwezi na matokeo yasomwe mstarini. Hapana! Kupima ni kazi ya watu wa afya, faraghani, na majibu anapewa mzazi. Kwenye shule moja utakuta aliyedumaa na aliyenenepa wanakaa dawati moja. Ukishamtangaza mtu mbele ya wenzake jina la "bonge" linamfuata hadi darasa la saba na uwanjani humuoni tena.

Kampuni ya vinywaji ikija na ofa ya kupaka rangi kuta kwa nembo yake na kuwapa friji, kataeni kwa adabu. Friji lile halitakaa tupu.

Ukipata nafasi andika hapa shule ina watoto wangapi, maji mnatoa wapi, na kiwanja kilichobaki ni hatua ngapi kwa ngapi. Nitakuchorea namna ya kukigawa rede na kamba, na nikupe mkataba wetu na kina mama wa getini mbadilishe jina la shule tu.