Duka limekufa, naona aibu kurudi kwenye ufundi

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 43, nina mke na watoto wawili. Tangu ujana nilikuwa fundi friji. Mwaka 2017 niliacha ufundi nikafungua duka la friji na majiko ya mtumba. Lilikwenda vizuri, nikakopa benki, halafu nikakopa kausha damu ili nilipe benki. Mwaka jana nimefunga. Deni la benki nimelimaliza kwa kuuza kiwanja, lakini kausha damu bado wananidai, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ananidai milioni mbili. Tunakula kwa chapati na supu anazouza mke wangu asubuhi. Kijana niliyemfundisha kazi ana banda lake, ameniita nikafanye naye. Naona aibu, maana mjini nilikuwa naitwa bosi. Rafiki yangu yuko tayari kunidhamini nikope tena nianze na duka dogo. Wapo ndugu wanaosema nilichezewa, niende kwa mtaalamu. Nishauri. Baba Wawili, Morogoro.*

Marahaba, Baba Wawili, na pole sana. Kuuza kiwanja ulichokihangaikia si jambo dogo.

Hilo la mtaalamu tulimalize kwanza. Hukuchezewa na mtu. Katika barua yako ndefu, ambayo hapa tumeifupisha, umeeleza mwenyewe kwamba friji zilikuwa zinatoka kwa mali kauli na nyingine hazikulipwa mpaka leo, ada za shule zilitoka kwenye droo ya duka, na marejesho ya benki ukayalipa kwa mkopo wa riba ya kila wiki. Duka lolote lingekufa hapo, hata la huyo mtaalamu. Nauli ya kwenda kwake nunua unga.

Na duka dogo, hapana. Simaanishi hutafanya biashara tena maishani, nasema si sasa na si kwa mkopo. Friji ikikaa dukani miezi mitatu, hela yako imelala humo, na kodi ya fremu haijalala. Friji ya mteja ikigoma Jumatano, mwenyewe anakupigia simu kabla ya jua kuzama kwa sababu samaki wake wanaoza, na anakulipa ukimaliza. Wewe leo unahitaji hela ya aina hiyo ya pili. Huyo rafiki naye mshukuru, mwambie akae na dhamana yake. Ana familia.

Sasa tuje kwa kijana. Kurasa tatu umeandika habari za duka, na ufundi umeugusia kwa sentensi chache tu. Ndiyo maana nadhani aibu yako haiko kwa watu wa mjini. Watu wa mjini wameshakusema wakachoka, sasa wanamsema mwingine. Inayokuuma ni kupokea hela kutoka mkononi mwa mtu uliyemfundisha kushika tochi ya kuchomelea. Basi jua kwamba angeweza kukupita barabarani kama hakuoni, wapo wengi wanaofanya hivyo. Yeye amekuita. Nenda.

Ila usiende kichwa kichwa. Kabla hujashika spana, kaeni mkubaliane: kazi iliyoletwa bandani mnagawana vipi, na kazi ya mteja wako wa zamani mnagawana vipi? Gesi na spea ananunua nani? Friji ikirudi baada ya wiki mbili, nani anaifungua bure? Hilo la mwisho ndilo linalovunja mabanda mengi kuliko hela yenyewe. Halafu, mbele ya wateja wake muite fundi. Ukimuita "dogo" mbele ya watu, hata kwa upendo, hamtamaliza mwezi.

Lipo na jambo ambalo huenda hujalifikiria. Wakati wewe uko dukani unauza, friji zimebadilika. Wewe uliizoea gesi ya R134a, na friji nyingi mpya zinakuja na R600a, ambayo inashika moto. Hiyo hupimi kwa kusikiliza kompresa na kugusa koili kama zamani. Gramu zake ni chache, zinapimwa kwa mizani, na kibandiko cha nyuma ya friji kinakuandikia ngapi. Ukichomelea bomba huku gesi bado imo ndani, utaunguza uso wako na jikoni kwa watu. Kwa hiyo usiingie pale kama mwalimu aliyerudi darasani. Muulize kijana anavyofanya. Ukipata nafasi, ulizia chuo cha ufundi cha VETA hapo Morogoro kuhusu kozi fupi, na ulizia pia utaratibu wao wa kurasimisha ujuzi kwa mafundi waliojifunzia mtaani. Cheti hakitakuletea mwenye friji moja, ila hoteli au shule ikitaka fundi wa mkataba, wataanza kwa kukuomba karatasi.

Heshima yako itarudi kwa njia moja tu ninayoifahamu. Mafundi wengi, friji ikiacha kugandisha wanaongeza gesi na kuondoka. Panapovuja hawajapatafuta. Baada ya siku chache friji imekuwa kabati, na fundi hapokei simu. Wewe tafuta panapovuja, paka povu la sabuni kwenye viungo, ziba, vuta vakyumu ya kutosha, yaani toa hewa na unyevu wote ndani ya mabomba, ndipo ujaze. Umesema pampu ya vakyumu uliiuza. Tumia ya kijana kwa makubaliano, na kifaa cha kwanza kununua kwa jasho lako kiwe hicho. Usikikope. Ukiipuuza vakyumu, unyevu unaobaki ndani utaganda kwenye bomba jembamba na utakuwa umejitengenezea kesi.

Hela ya spea ya mteja ni ya mteja. Usimalizie kwayo kazi ya mtu mwingine ukitegemea atakayekuja kesho. Huo ni ugonjwa uleule wa dukani, umevaa ovaroli tu. Tafuta laini ya simu ya kazi peke yake na daftari, na hela ya nyumbani itoke kwenye mgao wako baada ya kugawana. Mtaji wa unga na mafuta wa mama watoto usiuguse hata kwa saa moja. Muonyeshe madeni yote kwa maandishi. Nahisi kuna moja hujamwambia, nikikosea nisamehe.

Madeni yenyewe, anza na kausha damu kwa sababu riba yao hailali. Waombe salio kwa maandishi. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji wa namna hiyo anatakiwa awe na leseni, na Benki Kuu huchapisha majina ya waliopewa. Watafute humo. Kama hawamo, haina maana deni limekufa, hela yao uliila. Lakini utakuwa na cha kusema wakija kutishia kubeba makochi. Nenda nao ofisi ya serikali ya mtaa, muandikishane kiasi cha kila wiki unachokiweza kweli, hata kikiwa kidogo mpaka wakakunja uso. Usiahidi kikubwa ili wakuache upumue siku hiyo.

Na TRA, watu wa kodi, uliwaaga? Wengi wanafunga kufuli wanaondoka, mamlaka inaendelea kuhesabu kwamba duka lipo. Peleka barua ya kufunga biashara, na halmashauri kwenye leseni vilevile. Ukikuta deni la nyuma, omba kulipa kwa awamu.

Amebaki shemeji. Yeye hana riba, hivyo atalipwa mwisho, lakini mtu wa kwanza kwenda kumuona awe yeye. Nenda na chochote utakachopata wiki ya kwanza bandani, hata elfu ishirini, umweleze unafanya kazi wapi na utamletea lini tena. Nenda mwenyewe, usimtume dada yake.

Wako,
Shangazi