Barua kwa Mwanangu: Skuta ya Kuruka ya Mjukuu Wangu

Mwanangu mpendwa,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako wa jana nimeusoma mara mbili. Unauliza kama umnunulie mjukuu wangu, anayetimiza miaka minane mwezi ujao, skuta nyingine ya kusukuma kwa mguu, ya kukunja kama ile iliyovunjika, au ile isiyokunjika ambayo wenzake wa huko Leicester huruka nayo kwenye uwanja wa saruji. Tena unataka kujua kama uchukue kubwa kidogo ili akue nayo. Mimi ni fundi baiskeli, lakini nilipokuja kwenu majira ya joto yaliyopita niliifungua ile iliyovunjika kwa mikono yangu, na nakujibu kwa yale niliyoyaona.

Ilikatikia kwenye bawaba ya kukunjia. Ufa ulianzia kwenye tundu la pini, mwembamba kama unywele, ukazunguka hadi upande wa pili. Mtoto hana kosa, na tafadhali usimgombeze tena kwa jambo hilo. Skuta za alumini za kukunja, ambazo Mswisi Wim Ouboter alizibuni miaka ya 1990 kwa safari fupi za mjini, zimekusudiwa kusukumwa kwenye njia tambarare na kisha kubebwa mkononi. Mtoto anaporuka nayo, uzito wake wote hutua kwa kishindo juu ya kiungo hicho kimoja, tena na tena. Kwa hiyo nunua isiyokunjika, yenye usukani wa kipande kimoja uliochomelewa, usio na kufuli ya kupandisha wala kushusha.

Kwa kuwa usukani huo haubadiliki kimo, vipimo ndivyo vya kuangalia kabla ya rangi na jina. Najua sare zako za shule tulikuwa tukizinunua kubwa ili ukue nazo, na ilikuwa busara, lakini skuta usiifanyie hivyo. Usukani ukimfika kifuani, mabega yatapanda, viwiko vitakosa nafasi ya kukunjika, na hataweza kuivuta skuta juu anaporuka. Akisimama juu ya kibao akiwa amevaa viatu, vishikio vifike kati ya nyonga na kiuno, na upana wake ukaribiane na upana wa mabega yake. Uliza pia kama kimo kilichoandikwa ni cha usukani peke yake au ni cha kuanzia chini, maana maduka hayaandiki kwa namna moja. Ukikosa kinachomfaa kabisa, bora uzidi kidogo kuliko upungue, kwani bomba la usukani fundi huweza kulipunguza kwa msumeno wa chuma, lakini kulirefusha haiwezekani.

Kibao kiwe cha alumini na kifupi, kiasi cha sentimita 50, ili kiwe chepesi kuzungushwa. Magurudumu ya milimita 100 au 110 yote yanamfaa. Jambo la kutazama ni kitovu chake, yaani sehemu ya katikati ya gurudumu. Kitovu cha plastiki hupasuka kwa kutua vibaya, ilhali cha alumini huvumilia, na hapo ndipo ningeongeza fedha kuliko mahali pengine popote. Mwanzoni hahitaji skuta ya bei ya mashindano.

Ikifika, usikubali aipande kabla hujaikagua. Legeza kwanza bolti za kibano cha usukani, kaza ile ya kubana beringi za foki, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, nyoosha usukani uelekeane na gurudumu, kisha kaza za kibano kwa zamu, kidogo kidogo. Halafu libane gurudumu la mbele kati ya magoti yako, uutikise usukani mbele na nyuma. Ukisikia mgongano mdogo, kama mlango uliolegea kwenye fremu, bado haijakaza. Na usukani ukiwa mzito kugeuka, umekaza kupita kiasi. Rudia ukaguzi huo baada ya wiki ya kwanza, kwa sababu chuma kipya hulegea kikianza kupokea vishindo.

Helmeti iwe na alama ya EN 1078 kwa ndani, yaani kiwango cha Ulaya cha helmeti za baiskeli, na ukanda wa kidevuni uwe umekaza kiasi cha kupitisha vidole viwili tu. Mwekee na vikinga magoti. Baadaye, atakapoanza kuzungusha kibao chini ya miguu, kitampiga kwenye muundi, na maumivu yake si madogo. Hapo mtafutie vikinga vya miguu pia. Kwa sasa ajifunze kuruka na kutua kwa miguu yote miwili, magoti yakiwa yamekunjwa.

Mpime leo jioni akiwa na viatu: kutoka sakafuni hadi nyonga, na kutoka sakafuni hadi kiuno. Niandikie namba hizo mbili pamoja na picha ya skuta uliyoichagua, nami nitakupigia simu kabla hujalipa.

Baba yako