Kutengeneza sakafu ya meko ya zamani kabla ya baridi ya Juni

Baadhi ya nyumba za zamani za Arusha zina meko ya kuotea moto sebuleni, na aghalabu sakafu ya meko ndiyo inayochakaa kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoangukiwa na magogo na kulaliwa na makaa. Ya kwetu, Ilboru, ilikuwa na shimo ambalo waliotutangulia walikuwa wameliziba kwa saruji ya kawaida, na kiraka hicho kilikwisha kumeguka. Haishangazi, maana saruji hiyo hudhoofika sana joto likizidi nyuzi 300 za Selsiasi, na chini ya makaa kiwango hicho hupitwa kwa urahisi. Fundi akipendekeza aongeze saruji tu, mkatalie kwa heshima.

Kabla ya kununua chochote, tazama juu. Dohani isiyo na kofia huingiza mvua masika yote, Machi hadi Mei, matofali yakanyonya maji; kisha Juni huwashwa moto mkubwa, na maji yale hugeuka mvuke unaopasua sakafu. Pasipo bati la kufunika dohani, lililoinuliwa ili moshi upite, kazi ya chini ni bure.

Bomoa kiraka kwa tindo na nyundo mpaka ufikie sehemu ngumu, ukiwa umefunika pua na mdomo. Ukikuta mbao chini, acha, na meko isiwashwe mpaka msingi wake ujengwe upya. Ukikuta zege, tandaza mchanga mkavu uliochekechwa, usawazishe kwa pima maji.

Kwenye matofali ndipo watu hudanganyika. Yanayotakiwa ni yale mazito ya kustahimili moto. Yapo pia mepesi, yanayokwaruzika kwa ukucha, ambayo kazi yake ni kuzuia joto lisipotee kwenye matanuri, na gogo likiyaangukia huvunjika. Mimi niliyapanga yakiwa yamebanana, bila kuyaunganisha, nikaacha upenyo mwembamba kando ya ukuta ili yapate nafasi ya kutanuka, nikaujaza majivu makavu. Wapo wanaoyajengea kwa saruji maalumu ya moto, na si vibaya, ila tofali lisiloshikizwa likipasuka huchomolewa peke yake.

Mioto ya mwanzo iwe ya vijiti, mpaka unyevu uishe. Baadaye bakiza daima majivu ya sentimita 2 hivi juu ya matofali, na mgeni mwenye mazoea ya kuzima makaa kwa maji aambiwe mapema kwamba humu makaa hufukiwa majivu.