Kabla Hujarudi Kenya na Gari la London

Tangu ULEZ (eneo linalotoza magari yachafuayo hewa) ienee London nzima tarehe 29 Agosti 2023, swali hili halikomi kunifikia: "Dada, magari ya dizeli yameshuka bei huku, si ninunue moja niondoke nalo?" Usinunue.

Dizeli isiyofikia kiwango cha Euro 6, kipimo cha Ulaya cha usafi wa moshi wa magari, hutozwa pauni 12.50 kila siku inayotembea London. Mtu wa zamu kule Croydon, kama nilivyokuwa mimi nikihudumia wazee majumbani, hawezi kuihimili kodi hiyo ya moshi. Huiuza gari kwa bei ya kutupa, na sisi tunaofungasha virago tukaona neema. Lakini Euro 6 ililazimishwa kwa magari madogo mapya ya dizeli Septemba 2015, nayo Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa mwaka 2026, liwe limesajiliwa 2019 au baadaye, kwani mwaka wa usajili nao huhesabiwa. Basi zile zinazofukuzwa London, Mombasa nako hazina pa kushukia. Msamaha wa mkazi anayerejea husamehe ushuru, hausamehe umri.

Tanzania wanatoza badala ya kukataza: ushuru wa uchakavu ni 15% kwa gari dogo la miaka 8 hadi 10, na 30% likizidi hapo. Kwangu mimi hiyo ni haki zaidi kwa mwenye kipato kidogo, ingawa mapafu ya watu wa Kariakoo huenda yana maoni mengine.

Gari likiwa changa, msamaha wenyewe ni mali. Bila huo kuna ushuru wa forodha wa 35%, ushuru wa bidhaa, kisha VAT ya 16% juu ya hayo yote. Masharti yake: uwe umeishi nje miaka 2, na katika miaka hiyo siku ulizokaa Kenya, ukizijumlisha, zisifike 90. Hapa ndipo wengi hukwama. Harusi, matanga, likizo ya Desemba, zote zimepigwa muhuri kwenye pasipoti. Mama alipougua nilikuja Kisauni, na kila siku niliyolala pale niliiandika.

Gari nalo liwe lako kwa miezi 12, na umelitumia huko, bila kuhesabu siku za melini. Honda yetu ya petroli aliinunua mume wangu, lakini tuliiandikisha kwa jina langu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa narudi. Weka bima na vyeti vya ukaguzi vya mwaka mzima. Forodhani watavitaka kuthibitisha kwamba uliliendesha.

Kwa hiyo anza na tarehe ya kuisha viza, uhesabu kurudi nyuma. Ikiwa imebaki miezi 6 na jina lako bado halimo kwenye karatasi za gari, liuze huko huko, uje na pesa.