Jibu: Babu anashindwa kufika msikitini, Mji Mkongwe

Assalamu alaikum, ndugu yangu. Umeuliza uanzie wapi, kwa kuwa babu yako anashindwa kufika msikitini kutokana na ngazi za mlangoni na mfuniko wa mtaro uliovunjika. Kwanza fuatana naye kwa mwendo wake, uangalie anaposita na anapotafuta pa kushika. Mtaani kwetu kikwazo kikubwa kilikuwa vespa zilizoegeshwa mbele ya baraza ambazo wazee hupumzikia, na sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, alilimaliza hilo kwa kuzungumza na vijana. Habari ya mfuniko ipelekeni Manispaa kwa barua, kupitia kwa sheha huyohuyo. Ama ngazi, msizivunje: Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu 2000, kwa hiyo ombeni kwanza kibali cha Mamlaka inayosimamia hifadhi ya Mji Mkongwe, hata kama ni cha kufunga chuma cha kushikia tu, ambacho naamini kitamfaa zaidi kuliko mteremko mkali wa saruji.